Mzigo wa safari ya uwindaji (Burat)

Mzigo wa safari ya uwindaji ni jumla ya chakula, maji, hema, silaha na risasi ambazo msafara hubeba kwa siku kadhaa. Katika nyanda kame za Burat, kata ya Kaunti ya Isiolo iliyo kusini mwa Ewaso Nyiro, mto ambao Theodore Roosevelt aliwinda kandokando yake mwaka 1909, suala hilo sasa ni la kihistoria, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Enzi za ukoloni mpagazi alitwikwa takriban kilo 27 juu ya ngata, yaani kitambaa kilichoviringishwa ili kukinga utosi. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba cha unga kwa siku, karibu robo tatu ya kilo, hivyo mzigo mmoja wa unga uliwalisha watu wasiozidi 40 kwa siku moja tu, na msafara mkubwa ulilazimika kuajiri wapagazi wa kuwabebea wapagazi wenzao chakula, gharama ambayo masimulizi ya kishujaa ya wawindaji huipitia juujuu.

Ngamia, ambaye hubeba mzigo wa watu kadhaa na kustahimili kiu, aliufaa zaidi ukame huo, ila mizigo ya pande zake mbili ilipaswa kulingana: upande wa maji ulipopungua, tandiko liliinama na kumchubua mgongo, ndiyo maana vyombo vilihamishwa kila msafara ulipopiga kambi.