Mwanzo na Hatua katika Vipimo vya Joto

Mama mmoja aambiwa kwamba joto la mwanawe ni 104. Jirani yake aambiwa kwamba joto la mwanawe ni 40. Ni yupi mwenye homa kali zaidi? Watoto hao wote wawili homa yao ni sawa. Vipimo ndivyo mbalimbali, na kila kimoja kina historia yake.

Daniel Fahrenheit alizaliwa mjini Danzig mwaka 1686, akakaa Uholanzi akitengeneza vipimo vya zebaki. Mwaka 1724 alieleza kipimo chake. Sifuri aliiweka penye baridi kali ya barafu iliyochanganywa na maji na chumvi ya namna fulani, na penye barafu iyeyukayo akaandika 32. Baadaye mahali pa maji yachemkayo pakathibitishwa kuwa 212. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi aliigawanya nafasi ile ile, tangu barafu hata maji yachemkayo, sehemu 100. Yeye aliandika sifuri penye kuchemka na 100 penye barafu. Baadaye hesabu hiyo ikageuzwa, nasi twaitumia hivyo.

Basi, twawezaje kuvuka toka kipimo kimoja hata kingine? Zatosha alama mbili zilizo hakika. Barafu iyeyukapo, Celsius ni 0 na Fahrenheit ni 32. Maji yachemkapo, ni 100 na 212. Kipimo cha Celsius kipandapo 100, kile cha Fahrenheit hupanda 180. Tukigawanya 180 kwa 100 twapata 1.8, hiyo ndiyo hatua. Tena Celsius ikiwa 0, Fahrenheit ni 32 tayari. Huo ndio mwanzo. Yatupasa kuzidisha kwa hatua, kisha kuongeza mwanzo.

Carl Wunderlich, mganga wa Leipzig, alipima maelfu ya wagonjwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1868 alitaja 37 kuwa joto la mtu mwenye afya. 37 mara 1.8 ni 66.6, tukiongeza 32, ni 98.6.

Lakini tukiusahau mwanzo? 40 mara 1.8 ni 72, nalo ni joto la hewa ya asubuhi njema. Mtoto awaka kwa homa, na hesabu yetu yasema hana neno! Tuongeze 32, ndipo tupatapo 104. Kwa hiyo tutajiwapo joto la mgonjwa, na tuulize kwanza: ni kwa kipimo kipi?