Kigae na Uzi
Kabla ya merikani kuenea, watu wa pwani walisokota uzi wao wenyewe. Kilwa na Shanga, wachimbuaji wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kutilia uzito kijiti cha kusokotea pamba. Chungu kilichovunjika kilitosha. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizitaja nguo zake zilizopelekwa hata Misri. Sofala, asimulia Duarte Barbosa wa karne ya 16, mafundi walikosa rangi ya buluu. Basi walifumua nguo za Cambay na kuzifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nani atawaita hao waigaji? Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, majora ya kigeni yalifurika Unguja. Hata hivyo, futa ya Benadir iliendelea kufumwa kwa mkono hadi karne ya 20.