Mshahara wa Mwezi

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa omena hapa Homa Bay hupumzika. Omena hufuata taa, na mbalamwezi ikishatanda ziwani, taa haivuti kitu. Usiku mmoja wa namna hiyo nilikaa ufuoni na kijana niliyemfundisha zamani, sasa ni mvuvi. Akanyoosha kidole juu.

"Mwalimu, wale waliofika pale walilipwa ngapi?"

Nikamweleza habari za Buzz Aldrin. Alipokwenda Mwezini Julai 1969 alikuwa kanali wa jeshi la anga la Marekani, na mshahara wake ulikuwa uleule wa kanali. Aliporudi alijaza fomu ya madai ya safari, kama afisa yeyote aliyetumwa kikazi: Houston, Cape Kennedy, Mwezini, Bahari ya Pasifiki, Hawaii, kisha Houston tena. Jumla ya madai: dola 33 na senti 31. Chakula na malazi serikali ilikwisha kutoa.

"Thelathini na tatu? Aki si haki!"

Nikamwambia mambo hayajabadilika sana. Juni 2024 Butch Wilmore na Suni Williams waliondoka kwa safari ya siku nane hivi. Chombo chao kikasumbua, nao wakarudi Machi 2025, baada ya siku 286. Kwa hesabu za NASA walikuwa watumishi wa serikali walio safarini: mshahara wa saa 40 kwa wiki, bila malipo ya saa za ziada, bila nyongeza ya wikendi wala sikukuu. Juu yake kulikuwa na posho ya dola 5 kwa siku. Zidisha mwenyewe: dola 1,430 kila mmoja.

Kijana alicheka sana. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Siku zote hizo walipokuwa wakielea huko juu, mshahara wao uliendelea kuhesabiwa. Hakuna aliyeambiwa arudi kwanza ndipo adai.

Kwetu ni Karungu, upande wa Migori. Dani, mama mzaa baba, alikuwa na babamkwe ambaye hakuwahi kumwona. Alichukuliwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaenda Kariakor.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka upande wetu wakafika hadi Kisii. Baadaye vita vilihamia kusini, kwenye mapori yasiyo na barabara, ambako mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa mizigo. Ikabaki migongo ya watu. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kuwachukua wanaume kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth akasimamia msako mkubwa kuliko yote. Wilaya ya South Kavirondo, iliyobeba Migori na Homa Bay za leo, ilitoa watu wake. Mshahara wa mpagazi ulikuwa umeshushwa hadi rupia 5 hivi kwa mwezi, pamoja na posho. Siku hizo posho ilikuwa unga wenyewe, na mara nyingi uliwaharibu matumbo watu waliozoea chakula kingine.

Inakadiriwa kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya ya leo walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu. Aliyekufa na rekodi zake zikapotea, au aliyesajiliwa kwa jina ambalo kijijini hakuna alijuaye, deni lake lilibaki vitabuni. Baada ya vita Ainsworth mwenyewe alitaka fedha hizo zisizodaiwa zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ilikataa.

Nakumbuka pia kisa cha Sergei Krikalev. Alipaa Mei 1991 akiwa raia wa Muungano wa Sovieti. Aliposhuka Machi 1992 nchi iliyomtuma haikuwepo tena, na rubo za mshahara wake zilikuwa zimeporomoka thamani. Angalau yeye mwajiri wake alikufa. Mwajiri wa babu yetu alishinda vita, akajenga makumbusho ya mawe.

Dani alisema mamamkwe wake alihudhuria kila baraza la chifu kwa miaka, akiuliza swali moja tu: mume wake alihesabiwa mpaka siku gani? Hakuomba ng'ombe wala fidia. Alitaka kujua siku ambayo karani aliacha kuandika, kwa sababu hapo angejua siku ya kumlilia. Hakujibiwa. Boma letu halina kaburi lake, na matanga yake yalifanywa kwa kukisia.

Nilipomaliza, kijana alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia utaratibu wa mtumbwi wao. Asubuhi wakishauza, hutoa kwanza hela ya mafuta ya taa, halafu fungu la mwenye mtumbwi, kinachobaki ndicho wanagawana.

"Lakini mwaka juzi tulipompoteza mwenzetu, mwalimu, fungu lake lilitoka kwanza. Kabla ya mafuta. Tukampelekea mkewe jioni hiyohiyo, pamoja na sweta yake."

"Lilikuwa kiasi gani?"

"Kidogo tu," akasema. "Lakini lilihesabiwa mpaka usiku ule."