Vista na Printa ya Bosi

Ndugu msomaji, wiki iliyopita nusura habari yangu ikose ukurasa. Usiku nilibadili mfumo endeshi wa laptopu yangu. Asubuhi skana ikagoma, na nyaraka za mahakama za kuskani ziko mezani.

"Kaka, skana yako nzima," fundi wa mtaani kwetu akaniambia. "Haina draiva."

Draiva ni kile kiprogramu kinachokuwa mkalimani kati ya mfumo endeshi na kifaa. Mfumo ukibadilika, mkalimani wa zamani huenda asielewane naye tena. Fundi akanirudishia mfumo wa awali, habari ikawahi. Nami nikakaa kuchimba historia. Kumbe hata wenye mali yaliwahi kuwakuta!

Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Mrithi wake, Vista, aliingia madukani Januari 30, 2007. Namna ya kuendesha picha na sauti ilikuwa imebadilishwa sana, hivyo draiva nyingi za XP hazikufaa. Printa zikagoma, skrini zikaganda, na mteja wa kawaida akajiona mjinga wa kompyuta.

Mwaka huohuo wateja wakaenda mahakamani Seattle. Walidai vibandiko vya "Windows Vista Capable" viliwauzia kompyuta zisizomudu mambo mazuri ya Vista. Mwaka 2009 jaji aliondoa hadhi ya kesi hiyo kuwakilisha wateja wote kwa pamoja. Lakini mwaka 2008 ilikuwa imeshaanika barua pepe za wakubwa wa Microsoft. Steven Sinofsky, mkuu wa uhandisi wa Windows, alieleza kuwa printa ya nyumbani kwake ilikosa draiva. Mike Nash, makamu wa rais, alilalamika kuwa laptopu yake mpya ya bei mbaya imebaki ya barua pepe tu. Mkuki kwa nguruwe!

Takwimu zao za 2007 zilihusisha draiva za Nvidia na karibu 29% ya migando iliyorekodiwa, na za Microsoft yenyewe karibu 18%.

Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009 ilipokelewa vizuri. Sababu mojawapo ni kwamba draiva nyingi za Vista ziliifaa. Vista ilishapigwa mawe kwa niaba yake.

Basi ndugu yangu, kabla hujabadili mfumo, hakikisha mtengenezaji wa kifaa chako ana draiva mpya, na weka nakala ya kazi zako pembeni. Ikigoma, usijione mjinga. Hata bosi wa Windows ilimgomea.