Si Kila Mwanasheria ni Wakili

Mzee mmoja wa Kilosa alinionyesha waraka alioandikiwa kuhusu shamba lake. Alikuwa ameulipia akiamini kwamba "wakili" aliyeuandika angesimama naye barazani. Siku ya shauri mzee alisimama peke yake, kwani yule bwana alikuwa na shahada ya sheria lakini hakuwa wakili. Katika wilaya ambayo ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua zaidi ya watu 30 huko Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba 2000, kutojua nani anaweza kukutetea shauri la ardhi si jambo dogo.

Mkanganyiko huu una historia. Wakili, neno lenye asili ya Kiarabu, lilimhusu yeyote aliyekabidhiwa kusimama mahali pa mwenzake, iwe katika ndoa, biashara au mirathi. Sheria ya Mawakili ya mwaka 1954 iliweka masharti ya kuorodheshwa, na maana ya neno ikabanwa. Mwanasheria ni neno pana, nalo humhusu kila aliyesomea fani hiyo.

Upande wa waamuzi nako majina yalichanganyika. Wajerumani waliwatumia maakida kukusanya kodi na kusikiliza mashauri madogo. Waingereza nao wakawaachia watawala wa jadi na maliwali mahakama za wenyeji. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilikomesha utaratibu huo: hakimu akakaa mahakama ya mwanzo, ya wilaya au ya hakimu mkazi, na jaji Mahakama Kuu.

Hata hivyo, kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo. Ni mwaka 2021 tu walipofunguliwa mlango, pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Kwa maoni yangu, ombwe hilo ndilo lililomlea kishoka: wananchi walizoea msaada wa yeyote ajuaye kuandika hati, nao wakamwita wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemtambua msaidizi wa kisheria, ambaye huelimisha na kushauri bila malipo, lakini hasimami mahakamani kumtetea mtu. Basi mkazi wa Mikumi au Kilosa, kabla ya kutoa fedha, aulize: umeorodheshwa, na cheti chako cha uwakili ni cha mwaka huu? Nasi wasomi na watumishi wa umma tuache kuyachanganya majina haya. Uzembe wetu wa maneno humgharimu mwingine shamba.