Matilaba ya Paka: Hoja ya Kumfuga Ndani Bila Kumfunga

Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Methali hii tumezoea kumsemea binadamu: yule uliyemkirimu ukamaliza, na bado jicho lake halibanduki kwenye kile alichokijia. Tumeisomesha hivyo madarasani miaka na miaka, hata tukasahau kwamba kabla haijawa fumbo ilikuwa habari ya mnyama, tena habari ya kweli, iliyotolewa na watu waliokaa wakamtazama. Ina madai mawili. La kwanza ni la lishe, kwamba nafaka haimtoshi paka. La pili ni la hamu, kwamba hata tumbo likijaa kuna kitu kingine anachokitaka, nacho ni kuwinda. Nitayatumia madai haya kuwa mizani ya kupimia swali linalowafika sasa wafugaji wengi wa mijini, hasa wanaoishi ghorofani: je, paka akae ndani siku zote? Msimamo wangu ni kwamba akae. Ila anayefunga mlango na kuishia hapo amemlinda mwili tu, na huenda hata huo hajaulinda.

Nilifika kwenye msimamo huu kwa njia ya hasara. Paka wangu wa kwanza Dar es Salaam, jike mwenye mabaka ya kahawia, alikuwa na uhuru wote. Dirisha la jikoni lilikaa wazi usiku na mchana, naye akiingia na kutoka kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Asubuhi moja nilimkuta chini ya meza amelegea. Nilipomfunua mdomo, ufizi uliokuwa wa waridi ulikuwa mweupe kama chokaa, na puani palikuwa na uzi mwembamba wa damu. Daktari wa mifugo hakuhitaji kuuliza mengi. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu isigande kwa kuvuruga kazi ya vitamini K mwilini. Haziui papo hapo. Panya aliyezila hutembea siku kadhaa akizidi kulegea, na panya aliyelegea ndiye windo jepesi kuliko yote. Jirani aliyetega hakukosea, alikuwa akilinda unga wake. Paka naye hakukosea. Aliyeacha dirisha wazi ni mimi.

Hatari nyingine za nje zinajulikana na sina haja ya kuzirefusha: bajaji na bodaboda, mbwa, mawe ya watoto, mapigano ya usiku na mashume wa mtaani. Mapigano hayo yana gharama isiyoonekana, maana kuumana ndiyo njia kuu ya paka kuambukizana virusi vya upungufu wa kinga vya jamii yao, vilivyotambuliwa mwaka 1986. Virusi hivyo havimpati binadamu, lakini humwacha paka akidakwa na kila maradhi yanayopita. Ninalotaka kulisimamia kidogo ni suala la jina. Ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa humshika paka vilevile, na paka anayeugua humwambukiza mtu kwa meno yake. Ni kweli kwamba takribani visa 99 kati ya 100 vya binadamu duniani hutokana na mbwa, kwa hiyo jina lina sababu. Lakini ndilo limetufanya wengi tumpeleke mbwa kuchanjwa na kumwacha paka nyumbani, kana kwamba ugonjwa unalijua jina uliopewa. Paka akae ndani au nje, chanjo ni lazima.

Hapa ndipo msomaji wa pwani atakaponikatiza. Kumfungia paka ni dhambi, atasema. Si kuna mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka? Hadithi hiyo ipo, imepokewa na Bukhari na Muslim, na si ya kupuuzwa. Tuisikilize basi yote. Kosa la mwanamke yule lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja: hakumlisha paka, na hakumwachilia akajitafutia vijidudu vya ardhini. Yaani alimkatia riziki ya nje asimpe ya ndani. Al-Qurtubi, kama anavyonukuliwa na Ibn Hajar, alitoa humo hukumu kwamba inafaa kumfuga paka na hata kumfunga, ikiwa hakupuuzwa kulishwa na kunyweshwa. Mimi si mwanachuoni wa fani hiyo, ila naona hadithi yenyewe imekitaja kile ambacho paka angekipata kwa makucha yake, na hapo imekutana na methali yetu. Kisha kuna ile ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kwamba paka si najisi, bali ni katika wenye kutuzunguka majumbani. Anayetajwa hapo ni mnyama wa nyumbani, lakini mwenye kuzunguka. Kiswahili kimeyatenga maneno kufuga na kufunga kwa herufi moja tu, na mabishano yote haya yamo katika herufi hiyo.

Tuanze na dai la wali. Paka ni mla nyama kwa maumbile, hana hiari. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, nayo hupatikana katika nyama na samaki, si katika nafaka. Mwaka 1975 watafiti walionesha kwamba paka akiikosa, retina yake huharibika hadi kupofuka. Mwaka 1987 ikabainika kwamba moyo nao hutanuka na kushindwa kazi. Paka wa nje anayetupiwa ukoko na kipande cha ugali hujikamilishia mwenyewe kwa panya na mijusi. Ukimweka ndani umemkatia nyongeza hiyo, na lile kosa dogo la jikoni kwako linageuka kuwa hukumu ya kifo cha polepole. Kwa hiyo anayetaka kumweka ndani aanze na sahani: dagaa, maini na mioyo ya kuku, samaki, au chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, wala si cha mbwa. Ukichemsha, usimwage mchuzi, maana taurini huyeyukia majini.

Dai la panya ni gumu zaidi, kwa sababu haliishi kwenye sahani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa katikati ya kula chakula wanachokipenda waliletewa panya hai. Waliacha chakula, wakamuua panya, wakarudi kula. Njaa na uwindaji ni injini mbili tofauti. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walipima mbinu mbalimbali za kupunguza mawindo ambayo paka huyaleta nyumbani. Waliopewa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walipunguza mawindo kwa asilimia 36. Waliochezeshwa na mwenye nyumba dakika 5 hadi 10 kila siku, kwa asilimia 25. Wali na panya, kila mmoja na tarakimu yake. Wahenga walikuwa wameyasema yote mawili bila bajeti ya utafiti.

Paka aliyenyimwa matilaba yake hana njia ya kulalamika isipokuwa mwili. Hunenepa. Huchana makochi. Wengine hukojoa kitandani, nasi tukasema ana kisirani, kumbe kibofu kinamwuma. Uvimbe wa kibofu usio na mdudu yeyote, unaochochewa na msongo, ni maradhi yanayojulikana sana kwa paka wa ndani. Na dume likiziba njia ya mkojo lisipofikishwa kwa daktari hufa ndani ya siku chache. Mwaka 2006, Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwafuatilia paka 46 wa ndani wenye tatizo hilo. Walichokibadilisha hasa ni maisha yao: mahali pa kupanda na kujificha, michezo, vyombo vya choo, namna ya kuishi na watu wa nyumba. Dalili zilipungua sana. Ndiyo maana nilisema kwamba anayefunga mlango tu huenda hajaulinda hata mwili.

Si lazima umwingizie panya ndani. Mimi hutumia unyoya wa kuku uliofungwa kwenye kamba ya katani, na saa zetu ni zile zile za babu yake wa porini, alfajiri na magharibi. Unyoya haumwendei paka, maana hakuna panya anayekimbilia mdomo wa paka. Hukimbia, hujificha nyuma ya mguu wa kiti, hutulia, kisha hutingishika kidogo. Hapo utaona makalio yanavyotikisika kabla ya kuruka. Mwishoni mwache aukamate, kisha mpe chakula chake papo hapo. Mwindaji asiyewahi kukamata huishia kukamata kifundo cha mguu wako ukipita usiku kwenda chooni.

Kuhusu nyumba yenyewe nina neno refu kidogo. Mjadala huu ukiendeshwa Ulaya, Marekani au Australia, huwa kana kwamba kuna pande mbili tu, ndani na nje, na mlango katikati. Waingereza wengi huona kumzuia paka asitoke ni kumwonea. Madaktari wengi wa mifugo wa Marekani hushauri abaki ndani. Na eneo la mji mkuu wa Australia, Canberra, limekata shauri kwa sheria kwamba kila paka aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 asivuke mipaka ya kwao. Anayeijua nyumba ya mawe ya Lamu ataona mara moja kinachokosekana. Ukitoka mtaani unapita daka, unaingia tekani, unatokea kiwanda (si cha mashine, ni uwanja mdogo usio na paa, uliozungukwa na kuta ndefu), kisha misana, na mbali kabisa na barabara chumba ambacho jina lake ndilo hilo, ndani. Kiwanda hakimo katika ndani hiyo, wala hakiko nje. Jua linafika, mvua inafika, mjusi anapita ukutani, lakini punda hapiti wala pikipiki. Paka wa Lamu, bila shaka, huzipanda kuta hizo na kwenda zake, nami simsingizii mwashi wa karne ya 18 kwamba alijenga kwa kumfikiria paka. Ninachokiazima ni lile wazo la mahali pa katikati.

Ghorofa zetu zimekiua kiwanda, ila zimetuachia roshani. Fundi wa kuchomelea, fremu nyepesi na wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa mabanda ya kuku, vinatosha kuirudisha sehemu hiyo ya katikati. Wavu wa mbu usiutegemee, kucha huuchana kama karatasi. Wala usiamini sana zile habari za paka kuangukia miguu. Utafiti maarufu wa New York wa mwaka 1987 ulihesabu paka 132 walioanguka kutoka ghorofani, na takribani asilimia 90 wakapona. Lakini hao ni waliofikishwa hospitalini. Waliofia chini hawakuletwa wahesabiwe. Ndani nako kuna yake: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini vilevile.

Choo kilikuwa kikwazo kikubwa cha ufugaji wa ndani hadi mwaka 1947, Edward Lowe wa Michigan alipomshauri jirani yake aache majivu na kutumia punje za udongo mkavu unaonyonya. Punje hizo leo zipo katika maduka makubwa yetu, kwa bei isiyo ya kila mtu. Beseni la plastiki lenye maranda kutoka kwa seremala linafanya kazi hiyo hiyo, mradi mbao hazikupakwa dawa. Lisafishwe kila siku, na kwa sababu maalumu: mayai ya kimelea cha toksoplazma yaliyomo katika kinyesi huhitaji angalau siku moja kabla hayajaweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Atabaki mtu wa kuuliza, na panya wa mtaa watakamatwa na nani? Kwa wale wakubwa, si na paka. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya kituo kimoja cha taka huko Brooklyn, ambako kamera ziliwarekodi paka na panya kwa siku 79. Panya waliouawa mbele ya kamera walikuwa 2. Panya wadogo, mijusi na ndege ndio wanaoumia. Nchini Marekani makadirio ya mwaka 2013 yaliweka idadi ya ndege wanaouawa na paka kati ya bilioni 1.3 na 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Kwa hiyo kumweka wangu ndani hakutoshi. Kabla ya yote ahasiwe, kwani paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu, na watoto wasiotakiwa ndio hao wa jalalani.

Aliyezoea nje hatakubali kwa siku moja. Wangu wa sasa, dume niliyemwokota sokoni akiwa mkubwa tayari, alilia mlangoni wiki tatu, majirani wakaniuliza ninamfanya nini. Nilikuwa nikimchezesha saa kumi na moja alfajiri nikiwa na usingizi wangu. Siku hizi anakaa roshani nyuma ya wavu, akiwasemesha kunguru. Ana miaka 11. Yule wa dirisha la jikoni hakufikisha miwili.