Chanjo ya malaria na ile hoja ya "panya wa maabara"

Mjadala wa chanjo ukianza huku mtandaoni, lazima mtu aandike "sisi ni panya wa maabara." Zamani nilikuwa nacheka. Kisha nikasoma historia ya RTS,S, chanjo ya malaria.

Utafiti wake ulianza miaka ya 1980. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, Siaya na Kombewa, kwa ridhaa ya wazazi. Ilipunguza malaria kwa takriban theluthi moja. Si haba. Lakini homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana waliochanjwa walikufa zaidi ya wale ambao hawakuchanjwa. Pengine ni sadfa, pengine sivyo.

Ndiyo sababu 2019 ikaanza kutolewa kwa uangalizi Malawi, Ghana na hapa kwetu, tukianzia Homa Bay. Safari hii, kumleta mtoto kliniki kulihesabiwa kuwa umekubali. Mwaka 2020 jarida la BMJ likahoji: wazazi waliambiwa kwamba bado kuna maswali? WHO ikasema hii ni chanjo ya kawaida kama zingine. Jibu hilo halijanitosha mpaka leo.

Hatari zile hazikuonekana tena, na palipotolewa chanjo vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 13. Kwa hivyo naitetea kabisa. Mtoto wa dada yangu amepata dozi zote nne. Nilimuuliza dada aliambiwa nini siku ya kwanza.

"Nirudi mwezi ujao," akasema.